Baba Kibandani

Imorod, kisiwani

Kwa kaka yangu mpendwa, Syaman Ngarolan,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa huyo mtoto aliyekubadilisha jina. Mwaonaje hali huko ng'ambo? Ngarolan ameanza kucheka? Sisi huku tu wazima, ila ulimi wangu bado haujazoea kukuita Syaman, baba wa mtu, wewe niliyekuona ukilia kwa kuumwa na kaa.

Habari za msiba ulizipata kwa simu. Bahari ilichafuka, meli hazikutoka, kwa hiyo usijilaumu. Lakini kwenye simu sikukwambia yote.

Samaki wa kuruka walipoanza kuanikwa, baba alihamia kile kibanda cha nyuma. Nilimsihi abaki. Alisema pumzi yake imekuwa fupi, na siku itakapokatika mizimu itaifuata; heri isimkute mjukuu wake ndani. Akaniagiza niweke chakula mlangoni niondoke. "Wewe una mtoto. Usiniguse."

Nikatii. Siku kumi na moja nilisukuma bakuli la majimbi kwa kijiti, kama ninayelisha mbwa mkali. Mwenyewe alinitania, "Leo mbwa hana hamu." Siku ya kumi na mbili bakuli la jana lilikuwa halijaguswa, na harufu ilitoka hadi nje.

Kaka, nililokuficha ni hili: niliingia. Nilichemsha maji, nikamvua nguo, nikamwosha mwili mzima kwa mikono yangu. Alinifokea, akaniita mwendawazimu, akasema nitamuua mwanangu Masaray. Niliogopa, maana hayo nami nayaamini kama yeye. Nilipofika mgongoni akasema, "Hapo hapo. Pananiwasha wiki nzima."

Nilirudi kila asubuhi. Siku ya nne alikata roho saa sita mchana, mkono wake mkononi mwangu. Wajomba walivaa deraya zao za henzerani, wakashika mikuki ya kufukuzia mizimu, wakamzika jua halijazama. Kwenye simu nilikwambia nilimkuta ameshakufa. Nilikudanganya.

Shangazi aliniona nikitoka na ndoo, akatangaza. Sasa wanawake hawataki nichimbe majimbi pamoja nao, na watoto wao wamekatazwa kucheza na Masaray. Yeye ni mzima, ila kila akikohoa namgusa paji la uso. Mkija, ukitaka nisimbebe Ngarolan, niambie tu, sitakasirika. Lakini kujuta, sijuti.

Wiki iliyopita nilipita kwa Syapen Jagarang, yule bibi asiyeweza tena kusimama. Akanipigia kelele kutoka kibandani mwake: "Wewe uliyemwosha baba yako! Maji yako ya moto au ya baridi?" Nikamjibu ya vuguvugu. Akasema, "Basi kesho uje, wanangu wakishakwenda shamba."

Nimeshakwenda mara tatu.

Nisalimie wifi, umbusu mtoto.

Mimi dada yako,
Sinan Masaray