Kwa Baba, Kuhusu Kisiki cha Kigango

Baba yangu uliyelala kule Kaloleni,

Kaka ameniandikia juzijuzi. Anataka kuking'oa kisiki cha kigango cha babu, ile nguzo ya mti mliyomchongea alipokufa, kule boma la zamani, akipeleke nyumbani kwake Malindi na kukiweka sebuleni ndani ya kabati la kioo. Anasema mchwa wanakimaliza, na hakuna anayekwenda kukiangalia tangu ulipofariki. Mimi ameniuliza dawa. "Wewe ndiye mtaalamu wa makumbusho," ameandika, "tuambie tupake nini na tukifunge vipi." Nilikaa na ujumbe huo siku nne bila kumjibu, na sababu yake ni wewe.

Kazi yangu hukuwahi kuielewa vizuri, na kosa si lako. Nilipokuambia kwenye simu kwamba huku Brussels nalipwa kutunza mbao kuukuu, ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Kumbe Wazungu wana kuni nyingi." Ni karibu na kweli. Niko kwenye karakana ya makumbusho, upande wa Laeken. Vitu vya mbao vikiingiwa na wadudu au ukungu vinaletwa kwetu. Navisafisha, navitibu, na vikitakiwa kwenda mahali navifungia safari.

Unakumbuka tulivyohama kutoka boma la zamani kusogea barabarani? Tulibeba kila kitu, hadi mlango wa banda la mbuzi. Kigango cha babu ukakiacha. Nilikuwa kidato cha pili, yaani nilikuwa najua kila kitu duniani, nikakuuliza mbona humbebi baba yako. Ukasema, "Kikishasimama hakihamishwi," ukaendelea kufunga magodoro. Mwaka haukuisha, wezi wakaja na msumeno. Walikikata usawa wa goti, wakaenda kukiuza kwa wanaowauzia watalii.

Siku hiyo, mbele ya wajomba, nilikuambia kwamba wewe ni mvivu na umemwacha babu nje kama mbuzi. Jumamosi iliyofuata ulichukua kibuyu cha mnazi ukaenda boma la zamani kwa miguu, ukakimiminia kisiki, ukakifunga kitambaa kipya. Uliendelea hivyo miaka yote. Mimi nikawa nasema unalewesha kisiki, na kila mgeni aliyekuja nyumbani nilimsimulia.

Sasa nikuambie kilichotokea huku. Makumbusho yetu yana nguzo ndefu ya mti wa mwerezi, imechongwa sura za ndege na wanyama kutoka chini hadi juu. Ni kazi ya wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada, na waliisimamisha kwa heshima ya ukoo na wafu wake. Ungeiona ungeelewa mara moja, hata kama wao hawafungi vitambaa. Hapa ilisimama bustanini miaka mingi, mvua ya Brussels ikiinyeshea, na sehemu iliyofukiwa ardhini ikaoza. Ikaamuliwa ihamishiwe ndani, isimame ukumbini juu ya bamba la chuma. Ili ikae wima, ile sehemu iliyooza ilibidi ikatwe.

Karatasi ya kazi ilikuja kwangu. Nikapima, nikatia alama ya chaki, nikakata. Sikukumbuka lolote, Baba. Nilichokuwa nafikiria ni kama msumeno una makali ya kutosha. Mimi, mtoto wa nyumba ile, nilikata mguu wa nguzo ya watu wengine, kisha nikaagiza kipande kitupwe na nikaenda kula.

Wiki mbili baadaye wenye nguzo walialikwa kuiona kabla haijasimamishwa: bibi mmoja mtu mzima na binti yake. Nguzo ilikuwa imelazwa. Bibi aliizunguka polepole, akagusa sura moja baada ya nyingine, akafika chini na kusimama. Akaniuliza kwa Kiingereza, bila ukali wowote, "Mguu wake uko wapi?"

Nikasema nimeukata mimi. Nikaanza kueleza habari ya ukungu na bamba la chuma. Aibu ile sijawahi kuipata kazini. Hapo ndipo Tonton Déo, Mkongo wa Uvira anayebeba na kufunga mizigo yetu, aliponivuta pembeni.

"Maman, ile kipande ya muti, mi sikuitupa," akasema. "Iko kule nyuma ya armoire, ile kabati. Kwetu, kintu ya bantu benye balikufa, habaitupe ku poubelle. Donc, niilete ao niiache?"

Akakileta, kimefungwa kwenye blanketi kama mtoto. Bibi alikipokea kwa mikono miwili ingawa kilikuwa kinamomonyoka na kumchafua koti. Akatueleza kwamba kwao nguzo ikichoka huachwa ianguke na kurudi ardhini. Mahali iliposimama hii panajulikana mpaka leo, na ukoo wake unakwenda kupafyeka. Nguzo yenyewe walishakubaliana na makumbusho ibaki kwa sasa. Kipande hicho tu ndicho alichoomba, akakizike palepale. Nilikitibu wadudu, kikapata karatasi zake, na Tonton Déo mwenyewe akawabebea hadi stesheni ya treni ya Gare du Midi.

Siku ya kuwaaga nilimsimulia yule bibi habari za babu, wezi na kisiki. Akaniuliza, "Baba yako alikuwa akienda kufanya nini pale?" Swali hilo miaka yote nimelijibu kwa mzaha. Safari hii nikasema, "Alikuwa akienda kumwona baba yake." Nikalia mbele ya wageni, na Tonton Déo akajifanya anatafuta kamba.

Kwa hiyo nimemjibu kaka asubuhi ya leo. Dawa ipo na ninaijua. Ningeandika nusu ukurasa tu, na kisiki kingefika Malindi kizima, kikakaa kabatini hata miaka mia. Nimemwambia asikiguse. Mchwa wakikimaliza, basi kimekwisha, na mahali patabaki. Nimemwambia pia lile nililopaswa kukuambia wewe ukiwa hai: kwamba kigango kiliibiwa na wezi, hukukiacha kwa uvivu, na ulijua unachofanya. Nisamehe, Baba. Wajomba walionisikia siku ile wamebaki wawili, na nitakwenda kwao pia kulisema hilo kwa mdomo wangu.

Kaka ameokoka, mnazi hashiki, na simlazimishi. Nitakwenda mwenyewe. Nimeomba likizo, nakuja Agosti. Kitambaa nimeshanunua hapa Saint-Josse, chekundu, na mgema nitampata hukohuko. Kinachonishinda ni kimoja. Maneno uliyokuwa ukimwambia babu pale siyajui, kwa sababu kila ulipoanza kuyasema, mimi nilikuwa nacheka.

Pumzika, Baba. Nitawataja majina tu, lake na lako.

Kitinda mimba wako,
Brussels