Neno Nililomtuma Rehani

Bagamoyo, Mfungo Mosi, mwaka 1302 wa Hijra

Kwa ndugu yangu mpenzi Mwinjuma, aliyeko Unyanyembe, Mungu akuhifadhi na akurejeshe.

Nakusalimu salamu nyingi zisizo na upungufu, na baada ya salamu nauliza hali yako, na hali ya kifua chako kinachokusumbua kila baridi ikiingia, na hali ya wenzako wote mlio nao huko. Shikamoo yako Rehani amenifikishia, nami naitika marahaba, ingawa kwa umri tuliofikia tungeweza kuamkiana kama watu wa rika moja na asingetokea wa kutucheka. Sisi huku ni wazima wa kusimama na kutembea. Macho yangu yamepungua nguvu, hivyo ukiona mistari inapanda na kushuka, usidhani nimesahau yale niliyokuwa nikikuchapia bakora wewe.

Mzigo wako umefika salama: vibuyu viwili vya asali, mizizi iliyofungwa ndani ya gome la mti, na zile shanga nyekundu. Maagizo nayo yamefika, na Rehani, mnyapara mwaminifu wa misafara, aliyasema kama alivyopewa: mizizi itwangwe, ichemshwe, na binti yako Ashatu ainywe kwa asali akiwa ameketi, asinywe akiwa amelala. Akamalizia kwa neno lako la mwisho, kwamba safari hii unataka jibu la Ashatu mwenyewe, kwa maneno yake, maana mimi nimezoea kuzungusha mambo. Jibu hilo limo ndani ya barua hii. Niruhusu tu nilifikie kwa mwendo wangu.

Ama habari za mji, njaa haijatuacha. Mvua zilitukimbia mwaka jana, na mwaka huu zimekuja za kubahatisha, na watu wa Ukwere na Uzaramo wanashuka mjini na watoto migongoni kutafuta chochote kile. Mke wangu Mwanajuma anapika uji mwepesi kila asubuhi akiugawa mlangoni, nami nakunywa huohuo bila kulalamika, kwa sababu nilipolalamika nilielezwa kwamba mwalimu aliyeacha kazi hana haki ya kuchagua chakula.

Na kazi nimeiacha kweli. Chuo nimemwachia kijana mmoja niliyemsomesha mwenyewe. Anafundisha vizuri, ila anawaharakisha watoto, na kwa kuwa nyumba yake inatazamana na yangu, nasikia kila herufi inayokosewa. Mwanzoni nilikuwa nikisahihisha kwa sauti kutoka barazani. Siku moja akavuka njia akaja kwa heshima zake zote, akanibusu mkono, akaniomba niwe ninapumzika. Basi napumzika. Kutwa nzima naokota habari kwa wapitao, na jioni nikirudi ndani sina wa kumpa.

Habari kubwa ya sasa ni ya Wadachi. Inasemekana walipita Usagara na Uzigua, watu wachache tu, wamechoka na homa, wakawaendea majumbe mmoja mmoja na karatasi zao. Kila jumbe alisomewa, akafasiriwa, akatunzwa zawadi, akatia alama yake. Majumbe wanasema walichokubali ni urafiki. Karatasi, kama wanavyotuhadithia watu watokao Unguja, inasema wametoa nchi. Mtu mmoja wa forodhani ameniapia kwamba manowari zao ziko njiani. Mimi mambo ya wakubwa siyajui, lakini hili limenikosesha raha kwa sababu ya ualimu wangu. Neno lilitoka kinywani kwa mmoja likiwa na maana hii, likaingia sikioni kwa mwingine likiwa na maana ile, na katikati alikuwapo mtu ambaye pande zote mbili zilimwamini. Nimelifikiria sana jambo hili, na sababu yake utaiona.

Kisha kuna habari ya mawe. Ramadhani ya mwaka jana, wewe ukiwa njiani kwenda huko, pwani yetu ilijaa mawe yanayoelea. Usicheke. Yalikuwa ya kijivu, mepesi, yenye vitundu vingi kama mkate wa kumimina, na ukiyatupa majini yanakataa kuzama. Watu walisema mengi, na waliosema ni dalili za Kiyama walipata wasikilizaji, hasa tulipozikumbuka zile jioni za mwaka uliotangulia, mbingu ilipokuwa ikibaki nyekundu hata baada ya swala ya Magharibi. Ashatu hakushughulika na Kiyama. Alikwenda pwani na pakacha, akarudi nalo limejaa, akawagawia majirani mawe ya kusugulia nyayo. Alisema kama Kiyama kinakuja, angalau tukiendee na visigino laini. Mwanajuma alimkemea kwa mzaha huo, halafu akachagua mawili yaliyokuwa mazuri zaidi.

Mimi nilitaka kujua mawe yale yametoka wapi, na niliuliza mpaka watu wakaanza kunikwepa. Aliyenijibu ni Hieronimo, unamkumbuka, yule mwalimu wa watoto wa misheni anayekuja kubishana nami habari za manabii na kumaliza kahawa yangu. Alipata habari kwa mapadri wake: upande wa Java mlima ulipasuka katikati ya bahari, ukarusha majivu hata mchana ukawa giza, na maji yakainuka yakazoa miji. Mawe yale yakaelea bahari nzima karibu mwaka mpaka yakatufikia, na wekundu wa mbingu ulikuwa vumbi la mlima huohuo. Nikamwuliza mapadri wamejuaje. Akasema habari kama hizo siku hizi zinapita kwenye waya, mmojawapo ni huu uliolazwa chini ya bahari toka Adeni hadi Unguja, na kwamba kwenye waya hawaandiki kama sisi. Hawaweki salamu, hawaulizi hali, hawasemi ama baada ya hayo. Wanaandika kwamba mlima umepasuka na watu wamekufa, basi. Nilimwambia Hieronimo kwamba huo ni utovu wa adabu. Siku ile nilikuwa na hakika na nilichokisema, leo sina.

Nilikwenda nyumbani na habari hiyo kwa haraka isiyolingana na ndevu zangu, ili nimpe Ashatu. Nilimkuta amelala na homa. Ilikuwa mwezi wa Mfungo Tano.

Ndugu yangu, mwendo wangu umekwisha, nimefika pale nilipokuwa napazunguka.

Mwezi huo ulipokuwa unaelekea mwisho, nilimwita Rehani aliyekuwa anafunga mizigo ya safari, nikamtuma kwako neno la mdomo, kwa kuwa mkono wangu ulikataa kushika kalamu. Nilimwambia akufikishie kwamba Ashatu ni mgonjwa sana na kwamba urudi. Sikumpa neno jingine. Wewe ni mtoto wa pwani, unajua tunavyosema, au mimi nilidhani unajua. Mtu aliye safarini haambiwi. Anaambiwa fulani ni mgonjwa sana, rudi, naye anakaa chini palepale, na waliomzunguka wanamshika mabega. Ndivyo tulivyoletewa habari ya marehemu baba tulipokuwa Saadani, mimi nawe. Mama alituma neno la ugonjwa tu, nasi tulifika mjini tukiwa tumekwisha kulia njia nzima, tukaingia ndani moja kwa moja kumpa mama mkono wa tanzia. Hakuna aliyetufundisha. Nilidhani neno ni lilelile na masikio ni yaleyale.

Rehani anasema ulimsikiliza, ukainamisha kichwa, ukasema Mungu atamponya. Kesho yake ukafunga safari kwenda kwa mganga anayesifiwa, ukarudi na mizizi hii, uso umekunjuka, ukawa unawaambia watu kwamba baada ya mavuno utarudi pwani na pembe zako za ndovu na vitu vya harusi ya binti yako. Umekaa mno na Wanyamwezi, ndugu yangu, na kwao, Rehani ananieleza, mgonjwa ni mgonjwa, na aliyekufa hutajwa kwamba amekufa. Nilimgombeza kwa nini hakukusahihisha, naye alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Akanijibu taratibu kwamba alipewa ugonjwa aufikishe, hakupewa kifo, na si kazi yake kuongeza juu ya maneno ya mwalimu. Akasema pia kwamba alikuona unavyoifunga mizizi ndani ya gome, unafungua na kufunga upya ili isipate unyevu.

Mara nyingine nafikiri ulielewa. Hukuwa mjinga hata utotoni. Huenda ulilisikia neno, ukalijua, ukaamua kulipokea hivyohivyo lilivyo, maana madhali hapana aliyetamka jingine, binti yako alikuwa bado anaweza kunyweshwa dawa. Kama ndivyo ilivyokuwa, sikulaumu hata kidogo. Mzigo wako ulipofika, Mwanajuma aliichukua mizizi bila kuniuliza. Aliitwanga yote, akaichemsha, akatia asali kama ulivyoagiza, akaketi na bakuli mapajani. Tangu siku ya maziko hakuwa ametoa sauti ya kilio, alikuwa akifanya kazi tu. Siku hiyo alilia mpaka majirani wakaingia.

Kwa hiyo sitatuma mdomo tena, wala sitaandika ugonjwa. Ashatu amekufa. Sikuandika amefariki, wala ametutangulia, ingawa maneno hayo ninayo na nimewaandikia watu wengi maishani mwangu. Ukiyasoma utapata mahali pa kujificha, na mimi ndiye niliyekuonyesha mahali hapo mara ya kwanza. Amekufa kwa homa, Alhamisi, jua likiwa juu, Mwanajuma akimkanda miguu nami nikiwa kichwani pake. Tulimzika siku ileile, ubavuni kwa mama yetu. Hitima tulimsomea, na watoto wote wa chuo walikuja.

Uliomba maneno yake mwenyewe. Ninayo, na nakupa bila kuyapamba. Asubuhi ile nilikuwa nimeketi naye nikimhadithia mlima uliopasuka. Nilikwisha kumhadithia, lakini nilikuwa narudia, naongeza, narudi nyuma, kwa kuwa niliogopa nikinyamaza nitasikia anavyopumua. Akafungua macho akaniambia, baba mkubwa, pumzika kidogo, na mimi nipumzike. Akasema, hadithi hiyo utaimalizia baba akija, kwa maana baba ndiye anayejua kukusikiliza mpaka mwisho. Nikanyamaza kama alivyotaka. Hakusema tena. Amekutaja wewe, Mwinjuma, na alikutaja kama mtu anayengojwa, tena kwa furaha.

Rudi nyumbani. Usije mbio, hakuna tena cha kuwahi, na usivuke mbuga ya Makata maji yakiwa yamejaa. Pembe zako ziuze au ziache, utakavyoona. Shanga Mwanajuma amezihifadhi, hatazitoa mpaka utakapokuja uamue mwenyewe. Mimi ni mtu mzima na nimekwisha kuzika wengi, lakini huyu ulinipa nikulelee, na siku utakapoingia sijui nitakutazamaje. Nakuomba radhi sasa, kabla sijaona uso wako.

Wa nyumbani wote wanakusalimu. Katika kila barua niliyokuandikia, jina la kwanza mahali hapa lilikuwa lake, na alikuwa akisimama nyuma yangu kuhakikisha sikumtanguliza mtu mwingine. Hata leo kalamu ilikwenda yenyewe. Utaona hapa herufi ya aini, mwanzo wa jina lake, imesimama peke yake bila wenzake. Nimeshindwa kuiendeleza na nimeshindwa kuifuta. Baada yake anakusalimu Mwanajuma, anakusalimu Hieronimo, na mimi nakusalimu.

Ni ndugu yako,
Bwanausi