Lori la Kumrudisha Jentrix Alego

Shamba la Majani Chai la Kaptebes,
S.L.P. 88,
Kericho.

14 Juni 2025

Mpendwa kaka Okoth,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu, wewe pamoja na shemeji Phelis. Natumaini baridi ya Lusaka haijakurudishia kile kifua. Mimi na binti yangu Dorcus tu wazima wa mwili. Madhumuni ya barua hii ni kukuarifu rasmi, kama mkubwa wa boma letu, juu ya msiba uliokwisha kuusikia, na kukuomba uamuzi ambao si haki yangu kuutoa peke yangu. Naandika kwa kuwa kila nikishika simu sauti hunikatikia. Dorcus ataipiga picha barua hii na kukutumia leo.

Mke wangu Jentrix alifariki Jumatatu alfajiri. Ijumaa alikuwa bado anachuma majani, akalalamikia kichwa tu; Jumamosi tukamlaza hospitali. Mwili uko mochari.

Utakumbuka desturi ya kampuni ya zamani. Mfanyakazi akifariki, lori la kampuni lilimpeleka hadi kwao, waombolezaji wakiimba nyuma. Ndivyo tulivyomrudisha baba yetu nyumbani Alego. Jentrix alizoea kunitania: "Baba Dorcus, siku yangu nitalala nyuma, na wewe utakaa mbele na dereva kama meneja."

Mwaka jana shamba letu liliuzwa, likaingizwa katika kundi la makampuni la ng'ambo, lile lile lenye kiwanda cha unga unachofanyia kazi huko. Ulipotuarifu kwamba wamewachimbia kisima, Jentrix alifurahi, akasema sasa tumekuwa ndugu hata kwa kampuni.

Jumanne nilivaa koti nikaenda ofisini. Bwana Mureithi, anayesimamia misaada kwa jamii, alinipokea kwa adabu. Alinieleza kwamba misaada ya kampuni zote wanachama sasa hupangwa makao makuu, mpango mmoja kwa nchi zote: maji na miti. Lori la msiba halimo. Nilimwuliza kama huko makao makuu watu hawafi.

"Wanakufa, mzee," alisema. "Lakini wanazikwa karibu."

Kisha akanipa pole, pamoja na mche wa mti, kwa kuwa mpango unaruhusu mti mmoja kwa kila marehemu. Aliniahidi pia nafasi katika makaburi ya shamba, nyuma ya kiwanda, wanapolala wale wasiojulikana kwao. Kaka, niliubeba mche ule hadi nyumbani kwa sababu sikujua namna ya kuukataa kwa adabu. Uko mlangoni, na Dorcus anaumwagilia maji.

Uwezo wa kukodi gari la maiti sina. Hospitali ilimaliza kila kitu.

Jana alikuja Kipchoge, jirani anayesafirisha ng'ombe wa soko la Siongiroi. "Ogada, lori yangu iko," alisema. "Nimeosha mara mbili, nimetandika matawi ya saipresi." Akaongeza, "Mama Dorcus alikuwa ananicheka ati nanuka ng'ombe. Wacha anicheke tena."

Nilimshukuru, lakini sikumpa jibu. Harufu bado ipo. Niliingia mwenyewe nikahakikisha. Najua watakavyotutazama langoni, mke wa boma la Ogada akishushwa kutoka lori la mifugo. Najua pia kwamba nyumba yake iko kule Alego. Desemba aliipaka udongo kwa mikono yake, akanikataza kuingia na viatu kabla haujakauka. Tangu Jumatatu sifikirii kitu kingine ila udongo ule.

Nifikishie salamu kwa shemeji, na umwambie binti yako Wilkista kwamba mama yake mdogo alimtaja siku za mwisho. Mwenyezi Mungu awape usingizi mwema kuliko huu wangu.

Mdogo wako akupendaye,
Eliakim Ogada

Kipchoge anangoja. Je, Jentrix aende kwake kwa lori la ng'ombe, au nimzike hapa nyuma ya kiwanda? Naomba uamuzi wako, kaka.