Vidonge vya Ethuro

Jumanne, 1 Oktoba 2013
Tumerudi Kakuma na vidonge vipya kutoka Lodwar. Daktari amesisitiza: mume wangu asikose hata siku moja. Vikikatizwa ghafla hasira itarudi, na kifafa kinaweza kuja. Ethuro mwenyewe alikuwa anasinzia kwenye benchi. Tangu pikipiki imgonge kichwani mwaka jana, ama anasinzia ama anarusha sufuria. Bora asinzie.

Alhamisi, 3 Oktoba
Shemeji Adome amekuja. Jumapili wazee wa ukoo wa yule mwendesha pikipiki wanatoka Lorugum kumwona mgonjwa, ndipo waseme fidia ni mbuzi wangapi. Akamtazama ndugu yake, katulia kwenye mkeka.
"Mama Akai, huyu anakaa mzima. Nani atalipa mtu mzima? Wacha hiyo dawa kidogo."
Nimekataa. Hajapona, ametulizwa tu! Ila hao mbuzi tunawahitaji — maziwa ya mtoto nakopa kila siku.

Ijumaa, 4 Oktoba
Vidonge havipo! Nimepekua hadi kwenye unga. Adome anasema labda panya. Panya gani anabeba na pakiti yake? Zahanati wameniambia dawa hiyo ni Lodwar tu. Nauli sina.

Jumamosi, 5 Oktoba
Ethuro hakulala. Anazunguka boma, anaongea peke yake. Akai alilia kidogo tu, baba yake akashika rungu. Mwezi wa tano, kabla ya dawa, kilio hichohicho kilimfanya amvunje mtoto mkono. Nimempeleka Akai kwa jirani, Nakiru. Naogopa.

Jumapili, 6 Oktoba
Wazee wamefika. Na Ethuro — sijui nicheke ama nilie — mpole kabisa! "Ejok," akawasalimu, akauliza habari za mifugo. Mzee wao akasema, "Huyu iko sawa. Hakuna kitu."

Adome akaniita kando. Nimlete mtoto, alie mbele yao, wajionee. Mtoto wangu! Nikamwambia hao mbuzi akafie nao huko. Alienda kwa Nakiru, akarudi amembeba mtoto analia. Nimempokonya, nimejifungia naye jikoni. Naandika huku nimempakata.

Ethuro yuko mlangoni. Anauliza kwa nini namficha mtoto wake. Anauliza taratibu, kwa sauti ya mtu niliyeolewa naye. Wazee bado wako nje. Akai ameacha kulia, anajinyoosha kuelekea mlango, anaita baba.

Anabisha tena.