Kiti Chako Kimetekwa Ruangwa

Nachingwea,
Mkoa wa Lindi.
21 Novemba 2004.

Mpendwa mdogo wangu Eusebio,

Pokea salamu za dhati kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Francistown, na kwamba wifi yangu Magreti amepona kile kifua ulichonieleza katika barua yako iliyopita. Na Jonasi, je, bado anakataa maziwa? Mimi sijambo. Magoti hunisumbua asubuhi, lakini yakishapata jua hutulia. Mama naye hajambo, na nitakueleza kwa kirefu nina maana gani ninaposema hajambo, kwa kuwa hilo ndilo uliloniagiza nilichunguze.

Mvua bado haijanyesha. Korosho zinaendelea kudondoka, na jioni majirani wakikaanga, harufu yake huingia mpaka chumbani kwangu. Juzi nilisimama uani na ndoo mkononi nikasahau nilikuwa nakwenda kufanya nini. Wewe uliunguza vidole kwa korosho kila msimu, na kila msimu uliapa kwamba hutarudia.

Nirudi kwenye agizo lako. Uliniomba nipime kama makao ya wazee ya masista kule Ruangwa yanamfaa Mama, ukasema kwamba nikiona hayafai, utamhamishia Dar es Salaam kabla ya Krismasi, kwenye makao mengine uliyokwisha kuyaulizia. Chanzo cha haya ni rafiki yako Nuhu, aliyepita Ruangwa mwezi wa Septemba akakuletea habari mbili: kwamba mhudumu mmoja wa kiume humtukana Mama mbele za watu, na kwamba mhudumu huyohuyo amemnyang'anya kiti chake. Habari zote mbili ni za kweli. Nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilikwenda bila kutoa taarifa, kama nilivyozoea nilipokuwa mkaguzi wa shule. Ukitangulia kutoa taarifa utakagua maandalizi, hutakagua shule. Kabla ya kumsalimu mtu yeyote nilisimama mlangoni mwa bweni la wanawake nikavuta pumzi. Palinuka dawa ya sakafu na moshi wa kuni, basi. Nilimgeuza Mama mwenyewe, nikamtazama mgongo, nyonga ile iliyovunjika, na visigino. Hana kidonda hata kimoja. Kucha zimekatwa. Maji ya kunywa yamechemshwa na yamefunikwa.

Kisha nikakaa kutazama wazee wakilishwa, kwa sababu naamini hapo ndipo ukweli wa nyumba kama ile unapoonekana. Mtu anayemlisha mwenzake ama humngoja ameze, ama hamngoji. Wahudumu wa pale wanangoja. Yupo mmoja, binti wa Nandagala, ambaye hata hufungua kinywa chake mwenyewe kila anapopeleka kijiko, kama mama anayelisha mtoto, na hajui kwamba anafanya hivyo.

Sikuacha kuona kasoro. Bomba hukauka mara kwa mara, na maji hubebwa kwa ndoo kutoka kisimani, kwa hiyo kufua huchelewa. Ugali wao ni mgumu mno kwa watu wasio na meno. Bweni zima huangaliwa usiku na mwanamke mmoja, naye akienda kumsaidia mzee chooni, wengine wote hubaki peke yao. Hakuna mhudumu anayejua Kimakua hata neno moja, na Mama, kama ujuavyo, Kiswahili chake humkimbia akichoka. Haya yote nimemweleza Sista Prisca, msimamizi wa makao. Ugali umekwisha kulainishwa. Suala la usiku bado tunalijadili, na sitaliachia.

Lakini hayo siyo yaliyonitia hofu. Kilichonitia hofu ni kwamba katika nyumba ile safi nilimkuta Mama amegeukia ukutani. Alinijibu salamu, akaniuliza habari za magoti, akaurudisha uso ukutani. Chakula alikionja tu, akakisukuma kando. Nilipima kila sababu niliyoweza kuifikiria: homa, dawa, meno, kifo cha jirani wa kitanda cha pili. Hakuna hata moja iliyotosha. Nilipokuwa nikimfunika shuka aliniuliza kwa Kimakua, polepole, yule mwenye kiti yuko wapi.

Hapo sina budi kukukumbusha habari ya kile kiti. Ni kigoda chako, kile alichokuchongea Baba kwa mti wa mninga ukae wakati wa kubangua korosho, chenye mguu mmoja uliomeguka. Siku Mama alipohama kijijini kwetu Mtua tulimwambia achukue kinachomfaa. Aliacha blanketi zuri akachukua kigoda. Alikiweka kando ya kitanda chake, na hapakuwa na mgeni aliyeruhusiwa kukikalia. Hata padri alipokuja kumkomunisha alisimama.

Mwenye kiti anayeulizwa ni Rahimu, Mmwera wa Narung'ombe, mtu wa makamo, mhudumu wa pale tangu makao yalipofunguliwa. Sikumkuta bwenini. Wewe ulikuwa umekwisha kumpigia simu Sista Prisca, na Sista, ambaye ametoka upande mwingine kabisa wa nchi, alifanya ambalo msimamizi yeyote mwadilifu angelifanya: alimwondoa kwa wazee akampeleka bustanini. Nilimkuta anamwagilia mchicha. Nilimwuliza kwa nini anamtukana mama yangu.

"Mwalimu," alinijibu, akaweka chini ndoo, "nyie si Wamakua?"

"Ni Wamakua."

"Basi mimi ni mtani wenu. Nisipomtukana mimi, atukanwe na nani? Na Sista?"

Na kiti je, nilimwuliza.

"Kile nimekiteka. Nilimwambia mwenyewe siku ile nilipokikalia: hakitoki mpaka Eusebio aje kukikomboa. Alicheka mpaka akataka maji."

Eusebio, ulipomsikiliza Nuhu ulisikia matusi na wizi. Nuhu simlaumu, hakukulia kwetu. Baba angelisikia utani mara moja, na angelitaka kujua mtani huyo ni wa ukoo gani. Nadhani unakumbuka msiba wa Baba, jinsi watani walivyolala kaburini wakakataa kutoka mpaka walipwe kuku, na jinsi Mama, katikati ya kilio, alivyojikuta anacheka. Wewe ulikuwa umesimama karibu yangu, na wewe pia ulicheka. Umekaa mbali muda mrefu, na jambo kama hili usipolisikia hufifia. Ndiyo maana nakukumbusha.

Nilirudi kwa Sista Prisca nikamweleza utani ni nini: kwamba matusi yale yana mipaka yake, kwamba anayetukanwa ana haki ya kujibu, kwamba siku Mama atakapofariki ni Rahimu na wenzake watakaokuwa wa kwanza kushika majembe. Alinisikiliza kwa makini, akaniuliza swali moja tu: nitajuaje siku utani utakapogeuka kuwa uonevu? Ni swali la msimamizi mzuri. Nilimjibu amtazame Mama, asimtazame Rahimu. Akamrudisha bwenini siku ileile.

Ilikuwa bado Ramadhani. Masista walinipa chumba cha wageni, nikapata kuona jioni kwa macho yangu. Mchana Rahimu alimwosha miguu na kumlisha kimya, kwa sababu amefunga na hataki kuuchafua mdomo wake. Alimwambia tu, "Ngoja jua lizame, utanisikia." Basi mama yetu, asiyekosa rozari, alikuwa akiingojea adhana ya magharibi kuliko hata Waislamu waliofunga. Ilipoadhiniwa, alijivuta mwenyewe akakaa kitako.

Rahimu alikuja na kikombe chake cha uji, akaketi juu ya kigoda chako.

"Mmakua wewe, bado tu unapumua? Jembe langu linaota kutu kwa kukungojea."

"Liache liishe lote," akasema Mama. "Wewe nitakuzika kwa mwiko."

"Wamakua mmewala panya wa Mtua mpaka wakaisha, sasa mmehamia kwa wa kwetu. Na huyo Eusebio wako kakimbilia Botswana kuchunga ng'ombe za watu, kamwachia Mmwera kazi ya kukuosha miguu."

"Ndiyo kazi mnayoiweza. Eusebio akija utatafuta pa kujificha."

"Aje na mbuzi. Asipokuja na mbuzi, namteka na yeye."

Bweni zima lilicheka. Mama alikula bakuli lote, akaomba nyongeza.

Usiku ule nilielewa jambo ambalo ukaguzi wangu haukulifikia. Wahudumu wengine wote wana adabu, na kwa adabu hiyo hulikwepa jina lako, wasije wakamtia simanzi. Mimi pia, nakiri, huwa nalikwepa. Nikienda kumwona namweleza habari za mvua. Rahimu pekee ndiye anayesema "Eusebio" kwa sauti kubwa kila jioni, kama mtu anayetarajiwa kuingia mlangoni wakati wowote. Mama akilisikia, hunyanyua uso.

Kabla sijaondoka nilimpelekea Rahimu jogoo, nikimtaka anirudishie kigoda ili wewe usiendelee kusumbuka moyo. Alimpokea jogoo, akamshika miguu, akampima uzito. "Huyu nitamla, Mwalimu, na nakushukuru. Kiti sikitoi." Mama alinitazama kama anavyotutazama tunapofanya upumbavu, akaniambia kwa Kimakua kwamba kiti si changu.

Hii basi ndiyo hukumu yangu, na nimeifikiria kwa utulivu. Makao yanafaa. Yana upungufu wa maji na wa watu, na nitaendelea kuufuatilia. Usimhamishie Mama Dar es Salaam. Huko huenda atapata bomba lisilokauka na muuguzi wa usiku, lakini hatapata mtani, na naamini hatakula. Upungufu mkubwa uliobaki si wa masista, na hakuna sista atakayeweza kuuziba.

Sikuandikii haya kukulaumu. Mkataba wako naujua, na umbali naujua. Lakini niliulizwa Mama anahudumiwaje, na nisingekuwa mkweli kama ningeeleza visigino na kucha nikaacha hili. Nami pia, mdogo wangu, nimechoka kukusoma kwenye karatasi. Jioni za harufu ya korosho ni ndefu, na sina wa kumwambia aangalie vidole.

Nisalimie sana wifi yangu Magreti, na umwambie majani ya chai aliyonipa bado ninayatumia kwa kuyahesabu. Mpe Jonasi busu la shangazi yake. Mama Mdogo Zaina anakusalimu, na Ausi, yule uliyesoma naye Mtua, ameniuliza kama bado unacheza mpira. Sista Prisca ananiomba nikufikishie kwamba hakuichukia simu yako. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, kazini na usingizini, na akujalie kuziona nyuso zetu tungali na meno ya kuchekea.

Kigoda kipo kando ya kitanda, mguu uleule umemeguka. Nilimwuliza Rahimu atakikalia mpaka lini. Alisema yeye hana haraka, ila bibi ndiye anayeuliza kila jioni kama mbuzi amekwisha kununuliwa.

Njoo ukikomboe.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,

Goreti