Jina nililoliita makaburini

Solange, mudogo wangu mupendwa,

Jambo sana toka Likasi, kwenye jua kali na vumbi nyekundu! Uliniomba nikutafutie mambo ya zamani ya makaburi kwa ile hadisi yako ya kutisha. Basi shika hili.

Leo tulienda na Mama Mukubwa kupalilia kaburi ya nkambo, babu yetu. Mugongo ulichoka kumubeba mutoto wangu, nikamushusha. Mama Mukubwa akanionya: «Huku mutoto haitwi jina lake. Batu ba kaburi bakilisikia, nao batamuita magaribi, jua likizama.» Nikacheka. Kumbe mutoto alishakimbia, moja kwa moja kwenye shimo jipya la mazishi ya kesho! Nikafungua kinywa, jina lake likagoma kutoka. Nikalia: «Solange!»

Akasimama pale pale, akageuka kukutafuta. Nikamukamata.

Mama Mukubwa alicheka mpaka kitambaa kikamutoka kichwani. «Ee, sasa bafu ba makaburi haya banamujua Solange!»

Nikamujibu: «Bamufuate basi kwake Kamina! Treni ya kule haitembei.»

Usiogope, mudogo wangu. Hata kadi hii imeombewa nafasi kwenye lori, juu ya magunia ya makala ya kupikia.

Yaandike yote, nimekupa. Lakini mutoto wa hadisi yako asianguke shimoni. Hapo miye nakataa kabisa. Na weye ukuje. Tangu tulipotoka makaburini mutoto wangu anafungua kila mulango, anauliza, «Tantine Solange iko wapi?» Bukari yake ya unga wa mahindi imepoa mezani, hataki kula.

Yaya wako, dada mukubwa anayekupenda,
Béa