Gobori la Mashoto

Jumamosi, 7 Oktoba
Sanduku limefika! Dereva wa vifurushi akauliza kama nimeagiza fimbo za pazia. Nikamwambia ndiyo. Sina haja ya kuhojiwa mlangoni kwangu.

Ndani: mtutu, mbao ya mti wa mepo iliyochongwa nusunusu, mtambo wa gumegume unaowasha baruti kwa cheche za jiwe, mfuko wa skrubu. Vyote vya mashoto. Lorene ni mashoto, na miaka yote amewinda na gobori la marehemu mumewe, Emory — la mkono wa kulia, baruti ikimlipukia karibu na jicho. Halalamiki. Hujipangusa masizi shavuni na kusema, "Wendell, leo nimejipodoa."

Mwezi Agosti, siku aliyoondoka, nilimwambia nitamuundia lake. "Maneno tu hayo," akasema, lakini akaukunja mkono kwenye meza yangu ya jikoni, nikampima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, ndio urefu wa kitako. Nilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaniachia onyo moja: kile kinundu cha shaba cha kulengea, mbele ya mtutu, nisikiguse. Huja kirefu makusudi, kila mwindaji akipunguze kwa tupa kufuata jicho lake mwenyewe.

Amekwenda Arizona kumsaidia binti yake aliyejifungua. Wiki chache tu, alisema. Koti lake la kuwindia kaliacha kwenye msumari jikoni kwangu. "Usilitoe hapo. Nitalivaa siku ya ufunguzi." Yaani kesho yake ya Krismasi, msimu wa kuwinda kwa gumegume unapoanza.

Alhamisi, 12 Oktoba
Masizi kila mahali. Unapaka masizi kwenye chuma, unakikandamiza kwenye mbao, unakitoa, unachonga palipobaki weusi. Tena. Na tena. Patasi inatoa unyoya tu wa mbao. Mdogo wangu Clayton kapita, akasema kwa mwendo huu Lorene atarudi na mkongojo. Nikamfukuza.

Lakini mtambo umekaa! Hata karatasi haipenyi.

Jumapili, 5 Novemba
Nimefanya ujinga. Nimeshafunga bamba la shaba kwenye kitako, nikamwita Clayton aje aone.

"Kipimo ulichukua lini?"
"Agosti."
"Alikuwa kavaa nini?"
"Blauzi. Ya mikono mifupi."

Alicheka mpaka akashika jiliwa la kubania mbao. "Kaka, nani anawinda kulungu kwenye theluji na blauzi? Na hilo koti lake je? Gobori litamkwama kwapani!" Mimi, niliyeunda magobori tangu ujana! Kwenye kipimo nilikuwa naangalia mkono, siyo futi.

Alipoondoka nililishika koti la Lorene. Sufu nzito, mirabaraba myekundu na myeusi. Nikabana bega lake kati ya vidole nijue unene. Lina harufu ya moshi wa kuni na ya pipi zake za mnanaa. Nikabaki nimelishika. Nimemkumbuka, basi. Nimeandika.

Kitako nimekikata upya, kifupi zaidi. Bamba nalo kuanzia mwanzo.

Ijumaa, 24 Novemba
Jana Sikukuu ya Shukrani kwa Clayton. Bata mzinga mkavu, pai ya molasi nzuri. Lorene alipiga simu nikiwa huko! Mtoto ana jino. Mtoto anacheka. Huko watu wanakula nje, kwenye bustani. Nikauliza gobori alitaka rangi gani, ya asali au ya kahawa. Akasema ya kahawa, kama maji ya kijito chetu wakati wa majani kuanguka.

Sikuuliza anarudi lini. Naye hakusema.

Jumapili, 3 Desemba
Nimelowesha mbao, imeota manyoya, nimepiga msasa. Mara ya tatu ikatulia. Kisha dawa ya rangi, na joto la pasi ya chuma juu yake — mistari ya mepo ikajitokeza yote, kama nyama ya tumbo la nguruwe. Sasa mafuta ya kitani, tone moja moja, kwa kiganja. Kiganja changu kinanuka kitani hata nikila.

Nani alaye nami? Hakuna wa kulalamika.

Jumatano, 13 Desemba
Binti yake kapiga simu. Mpole sana. Eti huko kwao milimani kumeanza theluji, mama hana nguo nzito, anaomba nimtumie lile koti kwa posta.

Nikasema sawa.

Jumamosi, 16 Desemba
Koti nimelikunja nikalitia kwenye sanduku la gobori. Linaenea. Nikalitoa, nikalitundika tena. Msumari ulikuwa mtupu, sikuweza kunywa kahawa mbele yake.

Posta Jumatatu.

Jumatatu, 25 Desemba
Sikwenda posta. Wala Jumatatu ile, wala siku nyingine. Mwanamume mzima, nimeshikilia koti la mtu.

Gobori limekamilika, ila kinundu. Zuri — sisemi hivyo kwa sababu ni kazi yangu. Nikiliweka begani linanikataa, shavu halina pa kulala. Ni la mtu mmoja tu duniani, na yeye yuko huko Arizona.

Jumanne, 26 Desemba
Ufunguzi. Theluji laini. Clayton kaja na chupa ya kahawa. "Kaka, haji. Chukua tupa, kipunguze hicho kinundu, twende. Hata kwa mashoto utajifunza."

Nimelibana kwenye jiliwa. Nimepiga tupa. Mara moja.

Simu ikalia jikoni. Clayton kaipokea, mimi nimeshika kalamu hii ya kuchorea mbao ili mikono isikae bure. Nasikia: "Ndiyo, lipo. Msumarini palepale. Hapana, hakulituma!" Anacheka. Sasa yuko mlangoni na simu, kaifunika mdomo kwa kiganja.

"Lorene. Anauliza kama kinundu umekigusa."

Mkwaruzo mmoja, unang'aa. Nimeufunika kwa kidole gumba.

"Mwambie bado," nimesema.

"Mwambie mwenyewe! Acha kuandika, bwana, shika —"